Kwa Nini Mama Mkwe na Mkwe Huonana Majini

Haya, sogeeni wajukuu zangu, na wewe Kajura acha kumfinya mwenzio.

Zamani ghuba yetu hii ilikuwa na maji maangavu, unaona kokoto hadi chini. Zamani hizo pia, mwanamume hakuruhusiwa kamwe kumtazama mama mkwe wake usoni. Wakikutana njiani, mmoja anajitosa migombani. Heshima ndiyo ilikuwa hiyo.

Gugu maji lililetwa na Nyanjiga, mama mmoja mpenda maua. Aliliona mnadani ng'ambo ya ziwa, akapenda ua lake la zambarau, akaja kulipanda kwenye beseni. Beseni lilipojaa, akalimwaga ziwani. Hakuwa na ubaya, maskini. Hata mimi ningelileta.

Mwaka haukuisha, ghuba ikafunikwa. Kila ukoo uling'oa mbele ya mwalo wake tu, pale unapoegesha mitumbwi yake, kisha ukayasukumia magugu kwa jirani. Upepo ukigeuka, yanarudi na nyongeza. Watu wakabaki kununiana.

Ndipo Masatu, mchumba wa Nyangeta binti Nyanjiga, akaja kwa mtumbwi kuoa. Magugu yakambana katikati ya ghuba, mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Siku ya kwanza alipunga mkono. Siku ya tatu hakupunga tena.

Nyangeta alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama yake alijifunga kanga kiunoni, akaingia majini mpaka kifuani, akawa anang'oa magugu na kuyabeba hadi nchi kavu, juu kabisa mawe yalipo, yakaukie huko. Majirani wakaona aibu. Wakamfuata ukoo kwa ukoo, bila kuulizana huu ni mwalo wa nani.

Jioni wakamfikia kijana. Masatu alikuwa hoi, midomo imepasuka, lakini alipomwona mama mkwe wake akajifunika uso kwa viganja. Njaa yote ile, na adabu hakuisahau! Nyanjiga akamshika mikono, akaishusha.

"Fumbua macho, baba. Mimi ndiye niliyekufunga hapa. Shika kamba, mwenzio anakungoja."

Na tangu siku hiyo, kila Jumamosi, mama wakwe na wakwe zao huingia majini pamoja, wakang'oa magugu huku wakipiga soga na kucheka. Wakitoka tu, kila mmoja anageuzia uso pembeni.

Gugu halijaisha. Nami niwaambie ukweli, maana ninaye mkwe, na yule kijana ni mcheshi kweli: moyoni siombi liishe lote.