Kwetu ni Hapa

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa, yaani anayejitolea mbele ya watu wake jasho lake halipotei bure. Achezaye kwa wenyewe hupewa nini, hawakusema. Nadhani waliona haya.

Fundi mmoja wa nguo, aliyeitwa Futikamba kwa sababu ya utepe wa kupimia usiomtoka shingoni, alihamia mji wa watu pamoja na mkewe. Miaka kumi na tisa cherehani yake ya kukanyaga ilivisha nusu ya mtaa. Vita vilipozuka, alikuwa wa pili kwenye foleni ya kujitolea, nyuma ya jirani yake muuza nyama.

"Baba watoto, usidandie ngoma ya watu," mkewe alimsihi.

"Wanangu wamezaliwa wapi? Basi ngoma ni yetu."

Karani wa jeshi aliuliza bila kuinua uso, "Kwenu wapi?"

"Kwetu ni hapa, mzee," alijibu kifua mbele.

Karani akaandika: mzaliwa. Futikamba alilitazama neno hilo mpaka wino ukakauka, moyo ukamjaa furaha, wala hakulisahihisha. Hilo ndilo lililomponza.

Mwezi wa nne wa vita bomu liliangukia handaki lao. Muuza nyama alipoteza vidole viwili. Futikamba alikatwa mguu wa kulia juu ya goti, mguu uleule wa kukanyagia cherehani, ukazikwa nyuma ya hospitali.

Muuza nyama alipokewa kwa matarumbeta. Futikamba alipokewa na benchi la ofisi ya majeruhi, ambako kila aliyekatwa kiungo aliahidiwa cha bandia. Hakutaka sifa. Alitaka mguu wa kukanyagia, arudi kazini.

"Umeandikwa mzaliwa," alisema karani yuleyule, "lakini daftari la vizazi halikujui. Umelidanganya jeshi."

"Uliniuliza kwetu, ndugu yangu. Hukuniuliza nilikozaliwa."

"Ni yale yale. Mguu kaombe kwenu."

"Mguu wenyewe si mmeuzika hapa?"

Karani akacheka. "Basi mguu ndio mwenyeji. Wewe bado mgeni."

Waliokuwa kwenye foleni nao wakaangua kicheko, wengine wakiwa ndani ya suruali alizowashonea kwa mkono wake. Kicheko kile kilimuuma kuliko msumeno wa daktari.

Wiki hiyohiyo muuza nyama alileta koti lake la sherehe ya kuvishwa nishani. "Fundi, nipunguzie kiunoni. Wewe ndiye unayeujua mwili wangu."

Mke wa Futikamba alipiga magoti chini ya cherehani, akasukuma kanyagio kwa mikono miwili huku mumewe akiongoza kitambaa. Muuza nyama alisimama akitazama ukuta.

"Na nishani yako lini, jirani?" aliuliza hatimaye.

Futikamba alikata uzi kwa meno, akamkabidhi koti lake.

"Tulicheza wote, jirani. Ila mcheza kwao ndiye hutunzwa."