Komba na Spika za Kiboko

— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Mmeyaazima?
— Hatukuazima, ni yetu!
— Basi yategeni, ngano inapita.
— Ipite tuikamate!

Hapo kale, ng'ambo ya kinamasi, Kiboko alikuwa na duka la spika. Humo dukani mlikuwa na spika ndogo za kuweka rafuni, za mbao laini, nzuri kwelikweli. Na mlikuwa na spika kubwa kama makabati. Kiboko alitaka kuuza makabati tu, maana kwa kabati moja alilipwa mavuno ya shamba zima, nayo aliyala peke yake.

Wanyama wa huko walikuwa na desturi yao. Mnunuzi huja na wimbo wake, hukaa chini, husikiliza, kisha ndipo huongea bei. Kiboko akaivunja desturi hiyo. Mteja akiingia tu, anapigiwa wimbo wa Kiboko, du! du! du! kuta zinatikisika, na Kiboko amemsimamia ubavuni. "Unasikia besi hiyo? Unasikia?" Mteja anaitikia kwa kichwa ili aachwe aende zake. Wimbo wa nani? Wa Kiboko. Aliyesikia nani? Kiboko. Aliyelipa nani? Hapo sasa, si Kiboko!

Siku moja akaingia Komba. Kadogo, masikio mapana, macho yamemtoka. Viazi vyake vya mwaka mzima vilikuwa bado shambani. Akibebeshwa kabati, yeye na wanawe watalala njaa.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Kabati lako lile pale."

"Nataka zile ndogo, mzee. Nimezisikia toka mlangoni, zimenipendeza."

Kiboko akacheka, ha! ha! ha! "Zimekupendeza wewe? Nyinyi kina Komba, walevi wa mnazi? Masikio yako yamelewa! Sauti naijua mimi."

Komba alikasirika mpaka manyoya yakamsimama. Lakini akasema taratibu, "Sawa, mzee. Basi nichagulie wewe, mbele ya watu. Ukichagua kubwa, viazi vyangu vyote vyako. Ukichagua ndogo, nazichukua kwa kikapu kimoja. Ila tutundike nguo ya kanga mbele ya spika, wasije wakasema umechungulia."

"Tundika hata kumi! Spika yangu naijua hata usingizini!"

Wanyama wakaitwa, wakajaa. Kanga ikatundikwa. Komba akaingia nyuma yake na kanda kuukuu, iliyorekodiwa kwenye harusi ya bibi yake. Na mwimbaji wa harusi ile alikuwa marehemu mama yake Kiboko.

Kwanza akaunganisha lile kabati. Du! du! du! Ngoma ikameza maneno yote. Kiboko akapiga miayo.

"Takataka! Nani anaimba humo, pipa?"

Kisha akaunganisha zile ndogo. Ikaja pumzi, hhh. Ikaja sauti ya mama mtu mzima, ina mkwaruzo kidogo, inambembeleza bibi harusi asilie. Kiboko akatega sikio. Mdomo ukabaki wazi. Kwi! kwi! kwi! Akaanza kulia yeye.

"Mama! Ni mama yangu! Hata pale anapomeza mate nimemsikia! Hiyo ndiyo spika yangu kubwa. Nani anabisha?"

"Hakuna anayebisha, mzee," akasema Komba, na akaivuta kanga.

Wee! Wanyama walicheka mpaka wakagaragara. Kiboko akafuta machozi upesi upesi.

"Kanda mbovu! Na hizo ndogo siuzi tena, nazitaka mwenyewe!"

"Neno umelitoa mbele ya watu," Komba akajibu, huku anazipakia kwenye mkokoteni. "Kikapu cha viazi nitakuletea. Na ukitaka kumsikia mama yako, njoo kwangu. Upige hodi, ukae chini, unyamaze."

Mara wanyama wote wakavamia duka. "Na sisi tupe kama za Komba! Kama za Komba!"

Komba akageuka kwa hasira. "Za Komba za nini? Jana mlimwitikia Kiboko, leo mnaniitikia mimi? Ingieni mmoja mmoja, kila mtu na wimbo wake, mkae msikilize!"

Akaingia Chura na wimbo wake wa mvua. Akakaa. Akasikiliza zote. Akatoka anasukuma kabati.

"Chura, una wazimu?" wakamcheka.

"Mimi napenda tumbo linitetemeke," akasema Chura. "Besi ikipiga, maji ya bwawa langu yanacheza. Kuna mwenye neno?"

Komba akamsaidia kusukuma.

— Ngano imefika kizingitini, niisukume au niivute?
— Isukume ilale!
— Imelala. Na funzo lake ni hili: ukienda kununua spika, usijisumbue kusikiliza. Tafuta mwenye tumbo kubwa, umwulize wewe unapenda nini.
— Hatutaki!
— Mnanibishia mimi, mkubwa wenu?
— Tunakubishia!
— Haya. Sasa mnaweza kwenda dukani.