Mbegu za Mgunga wa Digidigi

Wasikilizaji, mpo?
Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo, yako wazi.

Hapo kale, kale sana, Digidigi alifiwa na mkewe. Marehemu alimwachia kibuyu cha mbegu za mgunga. Mgunga wenyewe ulikuwa umeanguka, na bondeni haukubaki mwingine. Fukusi walishaanza kuzitoboa mbegu. Digidigi akaazimia kuziotesha kabla mvua hazijakatika.

Akapanda chache, akamwagilia, akangoja. Akazifukua. Ngumu vilevile.

Ngedere, aliyekuwa akimtazama kutoka mtini, akacheka. "Shemeji, unapanda kokoto? Zichemshe zilainike, utaona."

Akachemsha nusu ya kibuyu. Alipokwenda kuchimba mashimo, Ngedere akazila zote, akalamba na chungu.

"Ulisema zitaota," Digidigi akalalamika aliporudi.

"Nilisema utaona. Hujaona?"

Tumbo likamsokota Ngedere mpaka asubuhi. Digidigi hakugombana naye. Akaenda kwa Bi Tembo.

"Pole kwa msiba, baba."

"Ahsante, mama. Zamani ulipokula mbegu hizi, mbona ziliota kwenye mavi yako?"

"Unaniuliza mambo ya chooni mchana kweupe? Mimi natafuna, tumbo linasaga. Zikitoka, ganda limechakaa. Lete, nizimeze."

"Hapana, mama. Wewe msafiri. Utaziacha nchi za watu."

Njiani Digidigi akawaza: mbegu haijafa, ila maji hayaingii. Akachukua moja, akaisugua kwenye jiwe kwa nguvu. Ikapasuka. Akachukua ya pili, akaisugua upande wa kitovu. Akaliharibu chipukizi lililolala humo. Akachukua ya tatu, akaisugua mgongoni, polepole, mpaka weupe ukaonekana kidogo tu. Akaacha hapo.

Akasugua zote zilizobaki vivyo hivyo, akaziloweka. Zikavimba. Akazipanda mvua ikiwa ya mwisho mwisho, na ardhi ikapasuka, majani mabichi yakatokeza.

Ngedere akaja. "Shemeji, si ndicho chakula chenu hicho? Kula basi."

Digidigi alikuwa na njaa. Akayatazama majani yale mororo, akayanusa. Kisha akaanza kuyazungushia miiba.

"Nitakula kwingine," akasema. "Nishikie huu mti wa boma, shemeji. Safari hii mikono yako ifanye kazi."

Basi wenzangu, kinachochelewa kuamka msikiite maiti. Tafuteni kwanza kilichokifunga, kisha mkifungue kwa kipimo, maana nguvu nyingi huua na haraka huharibu.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye mabega na aibebe.