Zimwi Lililokula Majina

Nimeita "paukwa" na muhogo umo mdomoni, kipande kimemwangukia mama mkwe mapajani. Samahani, mama. Nimetembea miji mingi, adabu sikurudi nayo. Sikilizeni.

Zimwi liliishi kwenye jalala la mji, likila majina ya watoto wasio na makwao. Aliyeliwa jina alimsahau mamaye, akaliokotea zimwi vyuma na chupa mpaka mgongo ukapinda.

Muuza uji, Bi Mwanaidi, akaliendea. "Niachie watoto."

"Mtu wa mji huu amwite mmoja wao kwa jina lake," likasema, "nitawaachia wote."

Akamleta tajiri. Tajiri akaita, "We chokoraa." Zimwi likacheka. Akamleta askari. Akaita, "We mwizi." Zimwi likacheka. Akamleta imamu. Akaita kwa upole, "Ewe masikini wa Mungu." Zimwi likacheka mpaka jalala likaporomoka.

Bi Mwanaidi akampigia magoti msichana aliyezoea kunywa uji wake kila asubuhi. Akataka kumwita, kumbe jina lake halijui.

"Mwanangu, jikumbushe. Unaitwa nani?"

"Limeshaliwa," akasema mtoto. "Mwaka mzima nilikunywa uji wako nikiwa nalo, hukuniuliza."