Nambari ya Daktari Fabian

Wahenga hawakuona haya kunena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Maana yake ni kuwa kitu cha mwenzio, hata ukikivaa kikakukaa, siku ya haja kitakuacha uchi mbele za watu.

Nyaboke alikuwa muuguzi wa vidonda katika zahanati moja ya Abu Hamour, jijini Doha. Mikono yake ilikuwa myepesi kama pamba, lakini akili yake haikutulia mbele ya jambo isilolielewa. Siku moja aligundua kuwa madai ya kila kidonda alichokifunga yalipelekwa bima kwa nambari ya mtoa huduma ya Daktari Fabian, kana kwamba ndiye aliyekifunga.

"Velma dadangu," alimuuliza karani wa madai, "kwani muuguzi hahitaji nambari yake mwenyewe?"

Velma akaangua kicheko. "Leseni unayo, nambari ya nini tena? Wewe ni mkono wa daktari. Ushaona wapi mkono ukidai kitambulisho?"

"Na daktari asipokuwapo, mkono ni wa nani?"

"Wee Nyaboke! Maswali yako yatatufikisha kwa meneja. Funga vidonda, mama."

Nyaboke alirudi kwenye vidonda vyake, ila swali lilimkereketa kama mchanga jichoni.

Mwezi uliofuata Daktari Fabian alikwenda likizo kwao. Velma akaendelea kuitumia nambari yake. Wiki ya pili bima ikauliza: daktari aliye nje ya Qatar amefungaje kidonda Abu Hamour? Papo hapo vibali vyote vya matibabu vya nambari ile vikasimamishwa. Aliyeumia kwanza ni Philipo, dereva Mganda mwenye kisukari, ambaye kidonda chake cha mguuni ndio kwanza kilikuwa kinaota nyama. Bila kibali, zahanati haikuruhusu kifungwe.

"Sista, siku mbili hizi kimeanza kunuka," Philipo alisema, akiuficha mguu chini ya kiti kwa aibu. "Wakiukata, nitaendesha nini?"

Velma alishika tama. "Tuseme mitambo ilikosea tarehe," alinong'ona.

"Tumeazima nambari, sasa tuazime na uongo?"

Nyaboke alipiga moyo konde, akainua simu. Aliyepokea kule bima ni Fiona, Mkenya kwa lafudhi. Nyaboke hakumficha neno: mikono ilikuwa yake, nambari ya mwenzake. Kisha akauliza swali lake la siku nyingi.

"Umeuliza vyema, dada," Fiona akajibu. "Kwetu sisi, daktari akiwapo na kukusimamia, nambari yake yatosha. Ukihudumia peke yako, sharti uwe na yako. Leseni hukuruhusu kufanya kazi; nambari hutueleza ni nani aliyeifanya. Andika hayo uliyoniambia, utie sahihi, kisha uombe yako leo hii."

Barua ya onyo ya meneja iliwafika Nyaboke na Velma kwa pamoja. Lakini kesho yake nambari ilitoka, na kibali cha Philipo kikafuata. Philipo aliishika karatasi ya kibali, ambamo jina la Daktari Fabian lilikuwa limebadilishwa na la Nyaboke, akaisoma mara mbili.

"Kumbe! Miezi miwili natibiwa na Daktari Fabian, mtu ambaye hata kunijua hanijui!"

Nyaboke alifungua bendeji taratibu, akasafisha usaha, akainama kuchungulia. Chini yake nyama ilikuwa bado nyekundu, hai.

"Mguu ni wako, Philipo," alisema, "na utabaki nao."

Velma, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alishusha pumzi, akarudi kuandika jina la Nyaboke mahali palipostahili. Hakika, nguo ya kuazima haisitiri matako.