Mwalimu Aliyeona Haya Kumpekua Ndugu Yake

Ndugu yangu, yasome maneno haya ukiwa umeketi, kisha umpelekee yeyote unayemjua aliye karibu kutia saini ya kununua nyumba. Huenda Mungu amekuweka wewe kuwa mlinzi juu ya ukuta wake.

Palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, jina lake Obedi, mtu mcha Mungu, aliyefundisha kwa miaka thelathini na minne huku akihama kutoka nyumba moja ya kupanga hadi nyingine. Alipopata kiinua mgongo chake, alimwambia mkewe, "Mama Sifa, tumekuwa wapitaji vya kutosha. Safari hii tutazeekea chini ya bati letu wenyewe."

Katika kanisa lao alikuwamo mzee wa kanisa aitwaye Zefania. Huyu alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, yenye kisima na ua wa michongoma, naye akatangaza kwamba anaiuza. Wakakutana sebuleni kwake pamoja na wazee wengine wawili. Baada ya sala, Mama Sifa akawa wa kwanza kusema.

"Mzee, kabla ya malipo tungependa kwenda kwa msajili wa hati tufanye upekuzi, tujue nyumba imeandikwaje."

Zefania akacheka. Akasimama, akaitoa nje mifuko yote miwili ya suruali yake. Ikaanguka leso, na peremende moja.

"Nipekueni basi, shemeji! Mifuko hiyo hapo. Na soksi nivue, au mmetosheka?"

Wazee wakacheka hadi wakapiga mapaja. Mwalimu Obedi hakucheka. Aliona haya hata masikio yakawaka moto, kwa maana neno hilo, upekuzi, limezoea kutembea na polisi. Hupekuliwa mwizi. Hupekuliwa mfungwa. Naye alikuwa ameshiriki kikombe kimoja cha Bwana na Zefania kwa miaka kumi na mmoja.

"Mama Sifa," akanong'ona, "usituaibishe."

"Baba Sifa, umesahihisha madaftari miaka yote hiyo. Ni mtoto gani uliyempa alama kabla ya kusoma jibu lake?"

"Huyu si mtoto. Huyu ni mzee wa kanisa."

"Haya," akasema Mama Sifa, akamgeukia Zefania. "Na mkeo, Mama Yeremia, je? Mbona mwenye nyumba simwoni?"

Zefania akaketi, akashusha pumzi kama mtu aliyechoshwa na wenye imani haba. "Mke wangu yuko kijijini, anamuuguza mama yake, huu mwaka wa pili. Ameridhia. Kwani mume na mke si mwili mmoja? Saini yangu ndiyo saini yake."

Neno hilo lilikuwa takatifu, na kwa kuwa lilikuwa takatifu, hakuna aliyethubutu kulipima. Tumesahau kwamba hata Shetani, alipomjia Bwana wetu jangwani, hakuja na matusi. Alikuja na maandiko.

Mkataba ukaandikwa siku iyo hiyo. Wazee wawili wakawa mashahidi, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Hati yenyewe, alisema Zefania, imehifadhiwa kwa mdogo wake, ataileta. Kwa sasa akatoa nakala. Mwalimu akakabidhi kiinua mgongo chote. Kisha wakashikana mikono wakaomba, na mmoja wao akatokwa na machozi ya furaha.

Wakahamia. Hati haikuletwa, na kila Obedi alipotaka kuiulizia, haya ile ile ilimziba kinywa. Miezi ikapita, Zefania naye akaacha kuonekana kanisani.

Mwezi wa nane tangu wahamie, asubuhi, mwanamke aliyevaa nguo za msiba akasimama mlangoni na sanduku lake. Akaingiza ufunguo kitasani, haukugeuka. Mama Sifa akafungua kwa ndani.

"Mama Yeremia! Pole na msiba, mwenzangu. Karibu."

"Nimeshapoa. Ahsante kwa kuja kunipokea. Mzee yuko wapi?"

Mama Sifa akashika fremu ya mlango. "Mzee hakukwambia? Alituuzia nyumba hii."

Mama Yeremia hakupiga kelele. Aliketi juu ya sanduku lake, pale pale kizingitini.

Shauri likafika mahakamani. Zefania hakutokea, alikuwa amekwisha kuhama, wala hakuna aliyejua alikokwenda. Hakimu akasoma hukumu kwa sauti ya upole, lakini hukumu ni hukumu: nyumba ya wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya wote wawili, na muhuri wa mtaa hauwezi kuzaa ridhaa ambayo haikuwapo. Mauziano ni batili. Mwalimu anayo haki ya kumdai Zefania, popote atakapopatikana.

Nje ya mahakama Obedi akamwendea Mama Yeremia.

"Dada, alituambia ninyi ni mwili mmoja."

"Mwili mmoja, Mwalimu, wenye mikono minne. Hii yangu miwili hukuiuliza."

"Ningekuulizaje? Ulikuwa mbali. Hukutuandikia hata mstari mmoja."

Mwanamke yule akamtazama kwa huruma, na huruma hiyo ikamchoma Obedi kuliko hukumu.

"Nilikuandikia."

"Mimi?"

"Wewe. Nilimjua mume wangu. Kabla sijakwenda kumuuguza mama, nilipita kwa msajili wa hati nikaweka zuio, nyumba isiuzwe mimi nisipokuwapo. Sikujua jina la atakayekuja kuinunua, lakini maneno yale niliyaandika kwa ajili yake. Barua yako ilikaa pale miaka miwili, Mwalimu. Ilikuwa ikingoja uulize."

Kesho yake Obedi alikwenda katika ofisi ile. Akalipa ada, ambayo ilikuwa ndogo kuliko sadaka yake ya Jumapili moja, na kabla ya adhuhuri akapewa karatasi yenye zuio lile. Akaisoma akiwa amesimama. Karani akamuuliza kama kuna jambo jingine analohitaji. Akaikunja karatasi ile, akaitia mfukoni, akatoka.

Ndugu yangu, baba yetu Ibrahimu, akiwa na maiti ya mkewe ndani, aliambiwa achukue bure mahali pa kuzikia. Akakataa. Akalipa thamani yake mbele ya watu wote wa lango la mji. Na nabii Yeremia, aliponunua shamba la binamu yake mwenyewe, aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi. Je, hao walipungukiwa na upendo? Sisi ndio tumejifunza kuuita uvivu wetu imani, na woga wetu tukauita adabu.

Mama Yeremia aliwapa miezi miwili wajipange. Siku ya kuhama, Obedi alingoja mkewe amlaumu, naye hakumlaumu. Alifagia vyumba vyote vinne, akaweka ufunguo mezani, akatoka bila kugeuka nyuma.

Funzo: Kuikagua hati ya ndugu yako na kuitafuta ridhaa ya mkewe si kumtukana, bali ni kumwondolea jaribu na kujiondolea majuto, kwa maana anayeona haya kuuliza kabla ya kulipa, ataulizwa na wengi baada ya kupoteza.