Kwa Nini Maua ya Chumbani Hugeukia Dirishani

Zamani sana, nyumba zilipokuwa bado hazijajua dirisha, hapakuwa na kitu kibichi kilichoishi ndani pamoja na watu. Nje kulikuwa kijani mpaka macho yanachoka. Migomba ilisukumana hadi ukingo wa uwanja, na ukungu wa milima ya Usambara ulilowesha kila jani asubuhi. Lakini ukivuka kizingiti tu, ulikutana na rangi ya udongo na moshi. Nguzo zilikuwa za miti iliyokufa, paa la nyasi zilizokufa, mikeka ya ukindu uliokufa. Hata ufagio ulikuwa marehemu.

Sababu yake ilikuwa woga. Enzi hizo mimea ilisema na watu wakasikilizana, na mimea yote ilikuwa imeliona jambo moja: kilichoingia ndani kikiwa kibichi hakikutoka. Mchicha uliingia asubuhi, mchana haupo. Boga liliingia na mashavu yake, yakatoka maganda. Kwa hiyo mimea ikakubaliana kwamba mlango wa binadamu ni mdomo, na hakuna mwenye akili anayeingia mdomoni kwa miguu yake.

Na katika mlima ule wote hapakuwa na mlango ulioogopwa kama mlango wa Bi Mwenda. Bi Mwenda alikuwa mjane, mama wa kijana mmoja aitwaye Hoza, na alikuwa mwanamke wa kupika. Akiona jani geni, swali lake la kwanza lilikuwa kama linachukuana na karanga. Alipopita shambani majani ya maboga yalijikunja, naye alidhani ni jua.

Hoza alipooa, alimleta nyumbani msichana aitwaye Mboni, aliyekulia bondeni kwenye vijito. Mboni hakuwa msemaji. Alipenda kukaa mahali penye majani akayatazama tu, bila kuyachuma. Bi Mwenda, ambaye alisema kwa ajili ya watu wawili, alimpenda siku ileile, maana hatimaye alikuwa amepata wa kumsikiliza. Mboni alipojifungua mtoto wa kike, Bi Mwenda alipiga vigelegele mpaka kuku wakapanda juu ya paa.

Desturi ya kule ilikuwa hivi: mzazi na mtoto hawatoki nje mpaka siku ya kumwonyesha mtoto jua. Hukaa ndani, karibu na moto, wakipikiwa na kukandwa kwa maji ya moto. Bi Mwenda hakuna alichosahau. Alimkanda mkwewe asubuhi na jioni, akampikia uji wa pilipili manga, mtori na supu ya kuku aliyemchagua mwenyewe. Lakini Mboni alizidi kunyauka. Alikula kidogo, akalala akiutazama ukuta, na maziwa yakaanza kupungua. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia.

Jirani yao Sikujua alikuja kutazama, akaonja uji na kukunja uso. "Labda pilipili imezidi, Bi Mwenda."

"Uji wangu haujawahi kuzidi kitu."

"Mimi nasema tu."

"Basi sema ukiwa kwako."

Lakini Sikujua alipoondoka, Bi Mwenda aliketi kitandani, akamchukua mjukuu wake mkononi na kumpima. Alikuwa mwepesi kuliko juzi. Akamgeukia mkwewe, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kuishi pamoja akauliza swali kisha akanyamaza kungoja jibu. "Mwanangu, unataka nini?"

Mboni aliona haya. Alikunja pindo la shuka, akalikunjua. "Nisamehe, mama. Nikifungua macho naona udongo, nikiyafumba naona udongo. Natamani kuona jani."

"Kumbe ni hilo tu?" Bi Mwenda aliinuka kwa furaha, akatoka mbio, na baada ya muda akarudi na bakuli la kisamvu likitoa mvuke.

Mboni akalitazama bakuli, akamtazama mama mkwe wake, akajikaza asicheke. "La kuona, mama. Si la kula."

Bi Mwenda akaketi na bakuli lake mapajani. Maisha yake yote hakuwahi kufikiria jambo kama hilo. "La kuona," akasema. "Yaani liko tu?"

"Liko tu."

"Halifanyi kitu?"

"Linaota, mama. Linatosha."

Bi Mwenda hakuelewa, lakini mtoto alikuwa analia, na kilio kile kilimfanya aelewe kinachohitajika. Akajifunga kanga kiunoni, akatoka kwenda kuialika mimea nyumbani kwake.

Alianza na mgomba, kwa kuwa ulikuwa jirani. Mgomba ukamjibu kwa adabu kwamba ungependa sana kuja, ila ulikuwa na watoto wengi mguuni. Akaenda kwa mmea wa maboga. Ule haukuzunguka. "Ndugu yangu aliingia kwako juzi, Bi Mwenda. Hajambo?"

Bi Mwenda akakohoa. "Tulimpokea vizuri."

"Kwa chumvi?"

Aliuaga upesi. Mikunde ikajifanya imelala. Muhogo ukasema ukitoka ardhini hauwezi kusimama. Kila alipofika alikuta migongo imegeuzwa, na njia nzima alisikia majani yakinong'onezana: ndiye yule wa vyungu, ndiye yule. Mama wa watu akatembea mpaka jasho likamwingia machoni, akafika kwenye maporomoko ya maji, mahali alipoacha kwenda tangu usichana kwa sababu hapakuwa na cha kupika.

Pale, kwenye ufa wa jabali, chini ya kivuli cha miti mikubwa, palikuwa na mmea mdogo. Majani yake yalikuwa ya duara, manene, yenye manyoya laini kama shavu la mtoto, na katikati yameketi maua ya rangi ya zambarau. Bi Mwenda akachuchumaa, pumzi zikimwishia.

"Shikamoo, bibi," ua likasema. "Wewe si ndiye wa vyungu?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Utanipika na nini?"

Bi Mwenda alikuwa amechoka kudanganya. "Wewe sikupiki. Nilikuonja zamani nikiwa msichana. Huna ladha kabisa."

Ua halikuwahi kusifiwa hivyo. Likainua kichwa, likamwomba aeleze shida yake, naye akaeleza yote: mtoto, maziwa, ukuta wa udongo, jani la kuona. Alipokuwa akieleza, ua likaona kwamba mwanamke huyu mwenye kutisha alikuwa bibi wa mtu, na kwamba anaogopa.

"Kwenu kuna kivuli?" ua likauliza.

"Kivuli ndicho tulicho nacho."

"Mimi jua kali linaniunguza. Nje ninapaweza hapa ufani tu. Nitakuja."

Miti ya pale ikalikataza. Ikasema hakuna aliyewahi kurudi. Ua likajibu kwamba litakwenda, na siku mtoto atakapoonyeshwa jua litatoka naye, wote waone. Wasipoliona siku hiyo, mmea wowote usikanyage tena kizingiti cha binadamu. Bi Mwenda akalibandua kwa vidole vyake, udongo wake ukiwa mizizini, akalibeba ndani ya kigae cha chungu kilichovunjika. Alitembea taratibu, akikwepa kila tawi, kama mtu aliyebeba mayai kichwani.

Alipoliweka chumbani, ua likatazama huku na huku. "Bibi, hiki si kivuli. Hili ni giza."

Basi Bi Mwenda akamwita Hoza, akamwambia atoboe ukuta. Hoza alifikiri amesikia vibaya, lakini alimjua mama yake, akachukua panga akatoboa. Watu wakakusanyika kutazama nyumba yenye tundu ubavuni. Mzee mmoja akamwuliza, "Hoza, mama yako anaingiza baridi ndani kwa ajili ya jani?"

"Mwulize mwenyewe," Hoza akasema. "Yuko hapo ndani."

Hakuna aliyeuliza.

Ndivyo dirisha la kwanza lilivyopatikana. Mwanga ukaingia, mwembamba, ukaketi juu ya maua ya zambarau, na chumba chote kikawa kama mtu aliyevaa nguo mpya. Mboni akageuza uso kutoka ukutani. Akajiinua, akaegemea mto, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba mtori. Siku zilizofuata alikula, akaimba kwa sauti ndogo, maziwa yakarudi mpaka kumlowesha nguo, na mtoto akaota mikunjo mapajani. Bi Mwenda aliwaita majirani waione mikunjo ile.

Furaha yake ndiyo iliyotaka kuharibu kila kitu. Bi Mwenda alilipenda ua lile kuliko alivyowahi kupenda kitu kisicholiwa, akaona ni haki litunzwe kama mzazi. Asubuhi moja, baada ya kumkanda Mboni, alichukua maji ya moto yaliyobaki, akachovya kitambaa na kulikanda ua. Alilimwagia kichwani, akalisugua majani moja moja, akiliambia maneno matamu. Ua halikuweza hata kupiga kelele. Kufika mchana majani yalikuwa yametoka madoa meupe, yamelegea, na moja likaanguka sakafuni.

Bi Mwenda alipoona, aliliokota lile jani. Aliwaza siku ya kuonyesha jua iliyokuwa inakaribia. Aliwaza Mboni akigeukia tena ukuta, na mjukuu akirudi kuwa mwepesi. Akaliziba ua kwa mwili wake mkwewe asione. "Mwanangu, lala kidogo," akasema.

"Mama, sogea."

"Lala tu."

"Sogea, mama." Mboni aliyekuwa akiona haya hata kuomba maji aliteremka kitandani, akamshika mama mkwe wake mabega na kumsogeza. Akaliangalia ua. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema kwa mfululizo. "Huyu hakandwi, mama. Kule bondeni nimewatazama tangu utoto. Jabali ndilo linalokunywa maji, wao wananyonya kwa chini. Kichwani hawaguswi. Leta sahani na maji baridi. Na hilo jani lililoanguka usilitupe, halijafa."

Bi Mwenda, kwa mara ya kwanza, alitumwa na akaenda. Mboni akakiweka kigae juu ya sahani ya maji, udongo ukanywa wenyewe polepole. Jani lile akalichomeka kwa kikonyo chake kwenye chungu kingine kidogo. Wakakiweka dirishani, wakangoja. Bi Mwenda aliamka kila alfajiri akainama juu ya chungu kile, mikono ameifunga nyuma ili isifanye kitu.

Siku hizo mambo hayakuchelewa kama leo. Ua likainuka tena, na madoa yake yakabaki. Na chini ya jani lililochomekwa yakachungulia majani madogo kabisa, yamekumbatiana, yana manyoya tayari. Bi Mwenda akatoka uwanjani akapiga vigelegele, na Sikujua akaja mbio akiuliza kuna nini.

"Tumepata mzazi wa pili humu ndani," Bi Mwenda akasema.

"Nani?"

"Jani."

Sikujua akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Siku ya kumwonyesha mtoto jua ilipofika, mimea yote ya mlimani ilikuwa imeshika pumzi. Mlango ukafunguliwa. Akatoka Mboni, amenawiri, mtoto kifuani. Nyuma yake akatoka Bi Mwenda akiwa na kigae mkono huu na chungu mkono huu, akatembea uwanja mzima kwa maringo. Likaonekana ua likichanua, na pembeni watoto wake. Lilikuwa limeingia peke yake, likatoka na familia. Majani yakavuma kutoka kilele mpaka bondeni, na watu waliokuwa hapo walidhani ni upepo.

Jioni ile ile wageni walianza kujipanga mlangoni. Kangaga la mtoni likaomba pembe yenye unyevu, lishushe majani yake kutoka juu. Mshubiri ukaomba mahali penye jua. Mtambaazi mmoja ukaomba nguzo tu ya kukumbatia, hata kama ni ya mti uliokufa. Mboni akawapangia vyumba, kila mmoja kwa tabia yake, na Hoza akatoboa kuta mpaka akachoka. Mwishowe ukaja mmea wa maboga, ukasema nao umeamua kuhamia.

Bi Mwenda akautazama majani, akameza mate. "Wewe ndugu yangu baki nje," akasema. "Kwa usalama wako."

Lakini mimea iliyobaki nje ilikuwa na hofu moja bado. "Tutajuaje kama mu wazima humo ndani?" ikauliza. Na ile iliyohamia ikajibu kwamba kila kutakapokucha itageuza nyuso zake dirishani, ili wa nje wakipita na kuchungulia wawaone ndugu zao.

Na tangu siku hiyo watu wanapamba vyumba vyao kwa mimea hai, na mwanamke akiona ua zuri kwa jirani yake haombi mmea mzima, anaomba jani moja akachomeke. Tangu siku hiyo pia, ukilimwagia ua la majabali maji kichwani, linakuonyesha madoa. Nawe ukiona la kwako limeinamia dirishani, ukalizungusha lielekee chumbani, halafu baada ya siku chache ukalikuta limegeuka tena, usilione kaidi. Linawaambia wa kwao kwamba halijambo.